Baridi ya Nchiru na Jiko Chumbani



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumtakia rehema na amani Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake, wiki hii naomba radhi ya wasomaji niuweke kando mfululizo wetu wa haki za wazazi, kwani limefika swali lisiloweza kungoja zamu yake. Mama mmoja wa Mombasa ameandika kuwa binti yake amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, na kwamba amekodi chumba kimoja nje ya chuo pamoja na mwenziwe wa Malindi. Mabinti wanalalamika baridi. Jamaa waliowahi kuishi bara wamemshauri mama awanunulie jiko la makaa: waliwashe magharibi, walingoje likolee, walitie ndani, wafunge mlango na madirisha, walale raha mustarehe. Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, binti akiamka na janaba, au ametoharika kutoka hedhini, na maji ni kama barafu, afanyeje alfajiri? La pili, ambalo amelitia mwisho wa barua kama jambo dogo, ni jiko la aina gani lililo bora kununua.

Nitaanza na hilo la pili, maana ndilo kubwa. Jawabu lake ni kwamba hakuna jiko la makaa lililo bora kwa chumba cha kulala. Si la bati, si la udongo, si lile lenye bitana ya udongo ndani lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Hilo la mwisho ni zuri sana kwa kupunguza matumizi ya makaa, na kila mama ajuaye bei ya gunia analithamini. Lakini kupunguza makaa ni jambo moja, na kuondoa sumu ya makaa ni jambo jingine kabisa.

Sisi watu wa pwani, tuseme kweli, hatuijui baridi, twakijua kipupwe. Kusi ikivuma, kuanzia Juni hadi Agosti, twajifunika shuka mbili tukadai kuwa mwaka huu kumezizima kuliko mwaka jana. Usiku wa Julai mjini Mombasa joto huzunguka nyuzi 20. Anayepanda bara hupoteza kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 anazopanda kutoka usawa wa bahari, na nchi ya Meru imeegemea mlima ambao kilele chake kina mita 5,199. Nchiru iko upande wa Tigania, kando ya barabara itokayo mji wa Meru kwenda Maua, baina ya mlima huo na vilima vya Nyambene. Haki isemwe: si mahali pa baridi kali kushinda pote katika Meru, mtu wa Timau au Kibirichia akiteremka Nchiru huenda akavua sweta. Lakini mtoto aliyezaliwa na kulelewa Malindi haipimi baridi kwa kipimo cha Timau. Huipima kwa kitanda cha mamake. Alfajiri ya mawingu ya mwezi wa Julai, sakafu ya simenti na bati tupu juu ya kichwa vinamtosha kabisa.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalitambui, nalo ndilo chimbuko la hatari yenyewe. Nyumba zetu za pwani zilijengwa ili zilifukuze joto. Zina paa la juu, upenu, ua nyuma, madirisha yanayotazamana, na matundu juu ya milango. Moto wa pwani hukaa uani au jikoni kwenye upenyo wa hewa, na hata chetezo cha udi kikipitishwa chumbani, upepo wa bahari hupita nacho. Kwa hiyo sisi tumelelewa na moto ambao daima una pa kutokea. Vyumba vya kupanga vya nyanda za juu vimejengwa kwa nia kinyume: kuta zinakaribiana, dirisha ni moja na ni dogo, na mpangaji mwenyewe hutia matambara kila penye ufa. Mtu akihamisha desturi ya moto wa pwani akaitia katika chumba cha namna hiyo, amefanya jambo ambalo mamake na nyanyake hawakulifanya kamwe, ijapokuwa jiko ni lile lile.

Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Gesi ya mtungi tunayopikia imetiwa harufu makusudi kiwandani ili ikivuja tushtuke. Hii ya makaa hakuna aliyeitia harufu, nayo huingia mapafuni kimya kimya. Ikifika katika damu huishika ile himoglobini, yaani kibebeo chekundu cha oksijeni, kwa nguvu zinazopita mara 200 nguvu za oksijeni yenyewe. Basi mtu anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, lakini damu yake haibebi kinachohitajika. Ubongo na moyo ndivyo vinavyotangulia kuathirika.

Jambo linalowahadaa watu ni moshi. Mama hungoja moshi uishe, makaa yawe mekundu mazuri, kisha husema, sasa yako safi, yaingie ndani. Moshi ni adui aliyevaa kengele: utakohoa, utatoka nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi bila kumpa mtu onyo lolote. Na hata yakifunikwa na jivu, maadamu ndani mna kaa hai, yanaendelea kuitoa.

Dalili zake nazo zahadaa. Kichwa hugonga, mwili hulegea, kizunguzungu, kichefuchefu, pengine kutapika. Mtu hudhani ni mafua au chakula cha jana. Lakini mafua aghalabu huja na homa, na sumu hii haileti homa. Tena ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani yanawarudia, basi wasitafute mchawi wala wasimlaumu muuza maharage. Ni jiko. Aliyekwisha lala ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu dalili za kumwamsha hazimwamshi; huteremka kutoka usingizini hadi kwenye kuzimia, na kutoka hapo hadi mautini.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema kuwa fulani alikaliwa na jinamizi: aliamka hawezi kuinua mkono, kichwa kizito, hajui yuko wapi. Sisi hatukanushi ghaibu, na anayesoma nyiradi zake za kulala amefanya jema. Lakini kabla ya kumwita wa kuzingua, mtu na aangalie pembeni mwa kitanda. Iwapo kuna jiko, alitoe nje, na mgonjwa atolewe nje vilevile, apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe waziwazi kuwa mlikuwa na makaa ndani. Neno hilo moja huokoa muda, kwa sababu tiba yake ni kupewa oksijeni, na daktari asipoambiwa aweza kuanza na kupima malaria. Anayeingia kuwatoa wenzake asikae humo ndani akiwatingisha na kuwasemesha. Afungue mlango na dirisha kwa haraka, awavute nje, mazungumzo yawe huko.

Wengine watasema: sisi twaacha dirisha wazi kidogo. Kidogo hicho hakipimiki. Usiku wenye upepo chaweza kutosha, na usiku uliotulia kisitoshe, na aliyelala hana habari ya upepo. Tena binadamu ni binadamu. Saa nane za usiku, baridi ikimchoma shavu, mmoja wao atanyoosha mkono alisukume dirisha. Wengine husema: twakipasha chumba moto, kisha twatoa jiko kabla ya kulala. Hilo ni afadhali kuliko kulala nalo, lakini mimi silishauri kwa wanafunzi. Kijana anayesoma kwa ajili ya mtihani husinzia kitabu kikiwa kifuani, na yule aliyenuia kulitoa jiko saa nne huamkia wapi, Allah ndiye ajuaye.

Mtume wetu (s.a.w.) alilisema jambo hili kwa uwazi usiohitaji tafsiri ndefu. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, nayo imo katika Bukhari na Muslim, aliwakataza waumini wasiache moto ndani ya nyumba zao wanapolala. Abu Musa al-Ash'ari naye amesimulia kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo, habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliueleza moto kuwa ni adui yetu, akaamuru uzimwe kabla ya kulala. Na katika mapokezi ya Jabir umetajwa panya mdogo anayeweza kuukokota utambi wa taa akawachoma wenye nyumba. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, ameeleza kuwa makatazo haya yanauenea moto wa taa na moto mwinginewe, na kwamba kandili zilizotundikwa misikitini, ikiwa hakuna hofu ya kuleta moto, hazina ubaya, kwa sababu ile sababu ya katazo imeondoka.

Hapo pana faida kubwa kwa anayetafakari. Hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Watu wa zamani waliihofia cheche. Sisi tunaihofia cheche na tumeijua gesi pia. Sababu haikuondoka, imeongezeka. Kwa hiyo kijana asije akaniambia kwamba jiko lake limewekwa juu ya tofali, mbali na pazia, haliwezi kuunguza kitu. Tofali hulizuia kaa lisianguke; gesi hailizuii.

Basi mabinti wafanyeje wasilie na baridi? Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu watu huona kuwa ukiwanyima jiko umewanyima kila kitu, na si hivyo.

Joto bora la usiku ni lile ambalo mwili wenyewe umelitengeneza; kazi yetu ni kulizuia lisikimbie. Na mahali linapokimbilia zaidi, ambapo watu wa pwani hatupafikirii, ni chini. Sisi tumezoea kujifunika juu, ilhali godoro jembamba lililolazwa juu ya simenti hunyonya joto usiku kucha. Mama akitaka kutuma blanketi mbili, binti na atandike moja juu ya godoro, chini ya shuka, alale juu yake, na nyingine ajifunike. Atashangaa. Godoro lenyewe liinuliwe kutoka sakafuni. Kama kitanda hakijapatikana, vichaga vya mbao vyatosha kwa muda. Mkeka wetu wa ukindu ni pambo la sakafu na mahali pa kuswalia, lakini peke yake si kinga ya simenti ya Meru. Chini yake patiwe zulia kuukuu au boksi zilizofunguliwa zikalazwa.

Baada ya chini, tazama juu. Bati lisilo na dari hupoa mara jua linapotua, na mvuke wa pumzi na wa kupikia hulipanda ukageuka matone yanayomdondokea aliyelala alfajiri. Mpangaji hawezi kujenga dari, lakini aweza kutundika kitambaa kizito juu ya kitanda kama chandarua kisicho na matundu, mbali na taa. Ufa wa chini ya mlango uzibwe kwa nguo iliyokunjwa. Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yasizibwe. Nasema tena, yasizibwe. Hewa ichukuayo pumzi chafu hupitia huko. Pazia la dirisha liwe zito na lifungwe kabla ya magharibi, si baada ya chumba kupoa.

Chupa ya maji ya moto ni rafiki mzuri. Maji yasiwe yanayotokota, kifuniko kikazwe, chupa ivishwe soksi au taulo, iwekwe miguuni robo saa kabla ya kupanda kitandani. Asipewe mtoto mchanga, ngozi yake huungua kwa joto ambalo sisi hatulihisi. Na mavazi yavaliwe tabaka juu ya tabaka: fulana ya pamba inayobana kidogo, juu yake nguo ya kawaida, juu yake sweta la sufi. Buibui letu jepesi lilikatwa kwa ajili ya upepo wa Lamu. Huko Meru ni sitara tu, si joto, basi joto litafutwe ndani yake. Wala mtu asilale na nguo alizotokwa jasho nazo mchana, maana unyevu wake humpoza.

Nastaajabu kila nisomapo Sura ya An-Nahl. Mwanzoni mwake Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa katika wanyama wa mifugo tumewekewa vya kututia joto, kisha mbele, katika aya ya 80 na ya 81, akazitaja nyumba kuwa ni matulizo, na sufi na manyoya, na mavazi yanayotukinga na joto. Wafasiri wamejiuliza kwa nini pale palitajwa joto bila baridi, na miongoni mwa majibu yao ni kuwa walioambiwa kwanza walikuwa watu wa nchi ya joto, na kuwa kinga ya kimoja yaashiria kinga ya kingine. Watu wa pwani tunalifahamu jibu hilo bila shida.

Umeme ukiwapo, koili ya kuchemshia maji ndiyo inayopendwa na wanafunzi, nayo ina ajali zake. Izimwe na kuchomolewa kabla ya mkono kugusa maji. Isiachwe ikichemka mtu akaenda darasani. Na waya mmoja usibebeshwe koili, pasi na jiko la umeme kwa pamoja. Meko ya gesi ni ya kupikia. Isiwashwe ili kuota, na mtungi ufungwe kabla ya kulala.

Unyevu ni taabu nyingine ya huko. Madirisha yakifungwa siku tatu, nguo zikianikwa ndani, na maji ya kuogea yakifuka humo humo, kuta huota kuvu nyeusi kwenye pembe, na mwenye pumu huanza kukorota. Dawa yake ni rahisi: jua likitoka, hata kama ni la saa mbili tu mchana, madirisha na mlango vifunguliwe wazi, na matandiko yatolewe nje. Chumba kilichopigwa na hewa kavu mchana hupata joto usiku kwa urahisi kuliko chumba chenye unyevu. Kuvu ikishatokea, isuguliwe kwa maji yaliyotiwa klorini, dirisha likiwa wazi, na klorini isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo nao hutoa gesi ya sumu.

Hapa naomba niwageukie akina mama waliohamia bara kwa ndoa au kazi ya waume, wakazaa huko. Barua ya mama wa Mombasa haikuuliza hili, lakini nyumba za mzazi ndizo ninazozihofia kuliko hata vyumba vya wanafunzi. Desturi yetu ni kumkanda mzazi kwa maji moto, kumfukiza kwa udi, na kumtunza asipigwe na upepo hadi arubaini. Ni desturi ya huruma na sina neno nayo. Lakini nimeona nyumba za bara ambamo mzazi, mtoto wa siku nne, bibi mkandaji na jiko la makaa vyote vimefungiwa chumba kimoja usiku kucha, na chetezo juu yake. Mimba na kitoto kichanga ndivyo vinavyodhurika na gesi hii mapema zaidi. Kwa mjamzito, mama aweza kuhisi kichwa tu, ilhali aliye tumboni anakosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi. Basi maji yachemshwe nje, yaletwe ndani kwenye beseni. Chetezo kipitishwe mchana mlango ukiwa wazi, kisha kitoke.

Mtoto mchanga hupashwa joto kwa kifua cha mamake. Avuliwe nguo, aachiwe nepi na kofia, alazwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, kisha wafunikwe wote wawili: hakuna jiko linaloshinda hilo, na hospitali zinalifundisha. Shirika la Afya Duniani linashauri kuogeshwa kwa mtoto kucheleweshwe angalau saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo bibi asiwe na haraka ya beseni. Adhana haingoji kuoga. Na siku ya saba, akinyolewa nywele kama ilivyo sunna, kofia ya sufi iwe tayari mkononi, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliwiana na mwili wake, na joto humtokea hapo kwa wingi. Mtoto yeyote mdogo anayepumua haraka haraka, au ambaye mbavu zake zazama ndani kila avutapo pumzi, ni wa kupelekwa hospitali usiku huo huo, si kusubiri dawa ya kifua ya dukani.

Wenye nyumba za kupangisha nao wana sehemu yao. Uingereza, tangu Oktoba 2015, sheria humlazimu anayepangisha nyumba kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye jiko la kuni au makaa. Ni kifaa kidogo chenye betri, na si kile cha moshi, ni tofauti. Sisi bado hatujafika huko, lakini kuacha matundu mawili ya hewa ukutani hakuhitaji sheria wala betri. Miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliojenga vyumba vya wanafunzi bara. Wajikumbushe kuwa mpangaji ni amana.

Mama aliyeandika, pesa ulizoziweka kwa ajili ya jiko nunua blanketi ya pili na chupa kubwa ya chai. Na usiku ukimpigia binti simu, baada ya salamu na kuuliza masomo, muulize pia: mwenzako amelala na nini chumbani? Maana aweza yeye kukutii, na yule wa Malindi akaja na jiko lake.

Sasa nirudi kwenye suala la kwanza, la maji ya alfajiri, ambalo chupa hiyo ya chai ndiyo nusu ya jawabu lake. Maji yachemshwe usiku wakati wa kupika, yatiwe katika chupa, na alfajiri yachanganywe na ya baridi. Katika madhehebu ya Shafi'i hakuna ubaya wowote kutawadha au kuoga kwa maji ya uvuguvugu. Kilicho makuruhu ni maji ya moto sana au ya baridi sana, kwa kuwa yote mawili humfanya mtu asitimize kiungo sawasawa. Anayedhani kuwa thawabu imo katika kujitesa kwa maji ya barafu hali ana maji moto pembeni, hakulifahamu suala. Imekuja katika Hadithi sahihi kuwa kuutimiza udhu wakati wa mashaka kunafuta makosa. Hayo ni mashaka yaliyomfika mtu, si aliyoyatafuta. Tena, wako wanaoingia na jiko katika choo cha kuogea ili waoge janaba kwa raha. Chumba hicho ndicho kidogo kuliko vyote. Jiko libaki nje, ndoo ndiyo iingie.

Akikosa kabisa cha kuchemshia, naye ahofia kwa haki kuugua au kuzidiwa na ugonjwa alio nao, dini ina mlango. Amr bin al-Aas (r.a.), katika msafara wa Dhatu Salaasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akahofia nafsi yake, akatayamamu, akawaswalisha wenzake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.) na Amr akaeleza kuwa aliikumbuka aya inayotukataza kujiua, Mtume alicheka wala hakumlaumu. Lakini katika madhehebu yetu, kauli yenye nguvu ni kuwa aliyetayamamu kwa sababu ya baridi huswali kwa wakati wake, kisha huilipa swala hiyo apatapo maji ya kuweza kuyatumia. Na tayamamu kwetu ni kwa mchanga mkavu wenye vumbi. Udongo mwekundu wa Meru ukikauka wafaa sana, ila msimu wa mawingu ni vyema uwekwe kidogo ndani ya kopo lenye kifuniko. Baridi ya kutetemeka tu, hali jirani ana meko na yuko macho, si udhuru.

Kuhusu soksi, maana najua swali hilo lafuata: kupangusa juu ya khofu kumeruhusiwa, mchana mmoja na usiku wake kwa mkazi, na siku tatu na usiku wake kwa msafiri, muda huo ukianza kuhesabiwa pale udhu unapotenguka baada ya kuzivaa. Sharti azivae akiwa na udhu kamili, zifunike vifundo vya miguu, ziwe za kuweza kutembelewa na zisipenyeze maji. Soksi nyepesi za dukani, kwa Shafi'i, hazimo. Viatu vya ngozi vya kubana, virefu kupita kifundo, vimo. Na kwenye josho la janaba au hedhi huvuliwa, miguu ikaoshwa. Wallahu a'lam.